Shada la Magugu

Harufu ndiyo iliyompokea. Kabla hata hajaiona helikopta vizuri, Shangazi alishainusa: harufu ya tope bichi, ya konokono waliokufa, ya maji yaliyosahauliwa kwenye ndoo mpaka yakaota utando. Alisimama mlangoni mwa banda, akaziba pua kwa ncha ya leso yake.

"Fundi, kinachooza humo ndani ni nini?"

Fundi alikuwa amelala chali chini ya tumbo la helikopta, anakwangua kwa kisu butu. Alivuta kamba ndefu ya gugu la maji, ya kijani iliyoanza kugeuka nyeusi, yenye ute kama makamasi ya mtoto mwenye mafua, akaitupa kwenye karai.

"Viatu vimeoshwa tena," akasema.

Pale kazini kila mtu alimwita Shangazi, tangu Meneja hadi mfagiaji, ijapokuwa mwenye haki ya kumwita hivyo alikuwa mmoja tu. Alikuwa rubani mkuu. Nywele zake zote zilikuwa mvi, lakini macho yake yalikuwa bado yanaona sindano ndogo kwenye saa ndogo za vipimo, na mkono wake haukutetemeka. Alishabeba dawa, alishabeba wapima ardhi na vyuma vyao, alishabeba hata maiti. Siku hizi alibeba wageni, akiwavusha ziwa kwenda hoteli ya kisiwani na kuwarudisha wakiwa wameungua pua kwa jua.

Hili la kuosha viatu lilianza kwa uvivu. Hapo zamani mpira wa maji wa bandani ulikauka, na rubani mmoja aliyerudi kutoka kwenye matope, mikono mitupu, hana abiria, akaona ashuke polepole karibu na ufuko, atulize helikopta hewani, achovye ile miguu ya chuma majini, itakate, aende zake. Ulikuwa uvivu, ila uvivu wenye adabu. Kisha mgeni mmoja akaona kutoka ufukoni, akapiga makofi. Kuanzia hapo kitu kikaharibika. Sasa waliosha kwa mbio, abiria wakiwa ndani, wanapiga kelele, wananyoosha simu madirishani, miguu ya chuma ikichana maji kama kisu kinavyochana kanga mpya. Na kila aliyerudi na gugu lililonasa, alipata heshima yake, heshima ambayo Shangazi alikuwa ameisikia tu na hakutaka kuiona.

Alizunguka helikopta taratibu, kama anavyozunguka mtu anayenunua ng'ombe. Mlango, sawa. Kioo, sawa. Alipofika mkiani akasimama. Pale chini ya mkia kuna ufito wa chuma, kazi yake ni kulilinda panga dogo linalozunguka mkiani lisije likagusa ardhi. Kwenye ufito huo palikuwa na gugu. Lilikuwa limejiviringisha vizuri, kama mtu kalifunga kwa makusudi, na katikati yake konokono mdogo amepasuka, utumbo nje.

Mate yalimjaa mdomoni, ya chumvi, yale yanayotangulia kutapika.

"Fundi. Njoo hapa."

Fundi alikuja akijifuta mikono, akatazama, akageuza uso.

"Hili ulikuwa umeliona?"

"Nililiona, Shangazi."

"Ukanyamaza."

"Nikasema nianze na tumbo kwanza."

"Mkia umeingia majini, Fundi. Hilo panga likigonga maji, hiki kitu kinazunguka kama pia, na waliomo ndani wanakuwa nguo kwenye beseni la kufulia. Nani alirusha jana jioni?"

Fundi akajitia kutafuta bisibisi mfukoni, mfuko ambao hata haukuwa na bisibisi. "Unamjua mwenyewe," akasema.

Alimjua. Alikuwa mtoto wa kaka yake.

Kaka alipofariki, mtoto alikuwa bado ananyonya. Shangazi na wifi yake walimlea pamoja, nyumba moja, vyumba viwili vinavyotazamana, jiko moja. Wifi alimfundisha kutembea. Shangazi alimfundisha kuruka. Yeye ndiye aliyemkalisha kwenye kiti mara ya kwanza na kumwekea mkono juu ya fimbo, akamwambia, shika kama umeshika yai. Yeye ndiye aliyemwombea kazi hapa. Na marubani wenziwe walipomwona anavyopenda kwenda chini, wakampa jina: Mwewe. Naye akalipenda hilo jina kuliko alilopewa na mama yake.

Shangazi alimkuta chumba cha chai.

Chumba kizima kilikuwa kinacheka. Mwewe amekaa juu ya meza, miguu inaning'inia, na shingoni amevaa shada. Lilikuwa la magugu yaleyale, yamesukwa na kufungwa kwa waya, yanatiririsha maji ya kijani kwenye shati lake jeupe la kazi. Tone lilikuwa likiangukia kikombe chake cha chai, tone, tone, naye anakunywa. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Ukutani, juu ya birika, walitundika mashada ya zamani, yaliyokauka na kuwa kama nywele za mtu zilizotolewa kwenye bomba la bafuni. Nzi walikuwa wameshajua hapo ni kwao.

"Shangazi! Karibu!" Mwewe akainua kikombe. "Jana nimeosha mpaka soksi!"

"Kaosha mpaka goti!" akadakia rubani mmoja mnene waliyemwita Tambi, maana marubani wana dhihaka zao. "Wageni walilia kwa furaha. Bibi mmoja kambusu!"

"Hilo dude liko kwenye chai yako," akasema Shangazi.

"Eh?"

"Mdudu. Kwenye chai. Anaogelea."

Mwewe akatazama, akamtoa mdudu kwa kidole, akamfuta kwenye suruali, akanywa. Chumba kikapasuka kwa kicheko. Shangazi alisonya, akatoka.

Meneja alikuwa ofisini, anachovya biskuti kwenye kahawa. Mtu huyu alikuwa na masharubu mapana, na masharubu yale hayakuwahi kukosa kitu cha kula. Kabla Shangazi hajaketi, alimgeuzia simu. "Tazama, tazama. Watu wameipenda hii vibaya mno."

Shangazi akatazama. Kwenye kioo cha simu helikopta yake ilikuwa inakimbia juu ya maji, chini kabisa, nyuma yake pameachwa michirizi miwili ya povu. Mtu anapiga kelele kwa lugha asiyoijua. Kisha picha ikayumba, na mkia, ndiyo, mkia ukashuka, ukalamba maji. Aliyekuwa akirekodi akacheka.

"Msimamishe huyu kijana," akasema.

"Nani? Mwewe? Wageni wanamwomba yeye kwa jina!"

"Meneja, nisikilize. Ziwa likitulia halina uso. Unatazama chini unaona mawingu, unatazama mbele unaona mawingu, jicho halijui maji yanaanzia wapi. Unajiona uko juu ya mnazi, kumbe uko juu ya meza. Na ukiwa chini vile injini ikikohoa, nafasi ya kutafuta pa kutua huna. Nafasi ya kupiga chafya huna. Na hiki chombo kikiingia majini hakielei kama mtumbwi. Uzito uko juu, kinapinduka. Watu wako wanabaki vichwa chini, gizani, mikanda imewabana, hawajui mlango uko upande gani. Na jaketi za kuelea mmeziweka wapi? Sijaziona vitini."

Meneja akafuta masharubu, biskuti ikasambaa zaidi. "Zinaharibu picha, Shangazi. Mama mmoja alisema ile rangi haiendani na gauni lake. Ziko stoo, usihofu, ziko zote."

Shangazi alikwenda stoo. Zilikuwapo kweli, kwenye gunia, nyuma ya mifuko ya saruji. Alipolifungua, panya aliruka, akapita juu ya kiatu chake. Jaketi zilikuwa zimelowa mkojo na kutobolewa, na ndani ya mojawapo, pale mtu anapopitisha shingo, panya alikuwa amezalia. Vitoto vyekundu, visivyo na manyoya, vinajinyonganyonga. Alifunga gunia. Alikwenda bombani akanawa mikono, akanawa tena kwa sabuni ya kufulia, halafu akarudi ofisini, akazungumza kutoka mlangoni, maana hakutaka tena kuingia mle.

"Kesho naruka naye mwenyewe. Nampima. Mpaka nimpime hakuna abiria anayepanda naye."

"Lakini kesho si ndiyo ile safari ya mama yake? Kijana kaomba ruhusa, nimempa. Mama wa watu kajiandaa!"

Shangazi alikuwa hajui. Hakuna aliyemwambia.

Aliporudi nyumbani alimkuta wifi yake amekaa kwenye kigoda, anasugua viatu vyeupe kwa mswaki wa zamani. Gauni limeshapigwa pasi, limetundikwa mlangoni.

"Wifi," akasema yule mama, uso wote meno, "nimesikia kesho naoshwa viatu! Mtoto kasema ataniletea maji ya ziwa mpaka dirishani. Mie, niliyezoea ya kisimani!"

"Hupandi kesho, wifi."

Mswaki ukasimama. "Kwa nini nisipande?"

"Mwanao anaruka vibaya."

"Mwanangu? Leo kawa wangu?" Akaweka kiatu chini polepole. "Akifaulu wako, akikosea wangu. Sema ukweli, wifi. Unaona kijicho. Wewe umeruka miaka yote hiyo hakuna aliyekupigia makofi. Yeye kaja juzi, watu wanamrekodi."

"Kuna gugu kwenye mkia, wifi. Mkia umeingia majini."

"Gugu! Umenikosesha safari kwa gugu!" Akasimama, akavitwaa viatu vyake. "Mie kesho nakuja. Nitasimama hapohapo uwanjani na viatu vyangu miguuni. Nikinyimwa, ninyimwe mbele za watu."

Mlango wa chumba chake ukafungwa kwa kishindo, gauni likaanguka. Shangazi aliliokota, akalikung'uta, akalitundika tena. Usiku ule walikula kila mtu na sahani yake chumbani kwake.

Asubuhi hapakuwa na upepo hata wa kutikisa uzi. Ziwa lilikuwa limelala. Mawingu mengi meupe yalikuwa juu, na mawingu yaleyale yalikuwa chini, na mstari wa kuyatenga hukuuona. Mrembo kweli, huo utulivu, lakini Shangazi aliutazama kama anavyotazamwa mtu mwongo mwenye sura nzuri.

Wifi alikuwa ameshafika, gauni, viatu vyeupe, mkoba. Hakumsalimia. Wageni wa asubuhi nao walikuwa wamekaa kwenye benchi na mizigo yao, wanasubiri kuvushwa. Fundi alishaukagua mkia usiku kwa nje, hakuona ufa; Shangazi akamwonyesha Mwewe kiti cha kulia, yeye akakaa cha kushoto.

"Wawili tu," akasema.

"Kama zamani," akasema Mwewe, akitabasamu. Alikuwa ananuka manukato na, chini ya manukato, gugu.

Waliruka. Mwewe alikuwa na mkono mzuri, hilo Shangazi hakuwahi kulikana. Alipanda laini, akageuza laini, ufuko ukabaki nyuma, na mbele pakawa na weupe mtupu.

"Nioshe, Shangazi?"

"Nenda chini kama unavyokwenda na wageni. Usiguse maji."

Mwewe akacheka kwenye hedifoni, akashusha. Shangazi aliweka mkono wa kushoto chini ya wenzo, ule wa kupandishia helikopta, bila kuubana. Aliugusa tu kwa ngozi. Walikwenda wakishuka. Kisha akanyoosha kiganja cha kulia akakifunika kipimo cha urefu.

"Tuko juu kiasi gani?"

"Mbona umefunika?"

"Una macho. Yatumie."

Mwewe akachungulia chini, kulikojaa mawingu. "Orofa tatu. Mbili na nusu, tukibanana."

"Una hakika?"

"Shangazi, hii kazi yangu ya kila siku!"

Shangazi alikuwa anatazama pembeni. Mbele kidogo, upande wake, palikuwa na kifurushi cha magugu kinaelea, na juu yake ndege mweupe amesimama kwa mguu mmoja. Alitegemea kumwona kwa juu, mgongo wake. Alimwona jicho. Jicho la njano, la duara, liko chini kidogo tu ya la kwake.

Aliuvuta wenzo. Hakuinua pua, maana anayeinua pua kwa woga huuzamisha mkia. Alivuta wenzo peke yake, juu, wima, na kiganja chake cha kulia kikaondoka kwenye kipimo. Sindano ilikuwa imelala chini kabisa kama mlevi. Chombo kizima kilitetemeka. Nyuma yao, maji yaliyokuwa yamelala yakaruka, yakakipiga kioo cha nyuma kama mtu kamwaga ndoo.

Mwewe alikuwa ameiona sindano. Rangi ya midomo yake ilibadilika, ikawa ya majivu. Alivua kofia yake ya kazi, ile yenye mbawa za dhahabu mbele, akaishika kwa mikono miwili, akatapikia humo. Alitapika chai, akatapika mkate, akatapika mpaka kikabaki kile cha njano chenye uchungu. Chumba chote kidogo kile kikajaa harufu. Shangazi alishika fimbo, akapanda, akafungua kidirisha.

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu jana, moyo wake ukatulia. Alisema ndani yake, basi, ameona. Tumbo lake limeelewa. Alimtazama anavyofuta mdomo kwa mkono wa shati, akamwonea huruma, mtoto yule aliyemwekea mkono juu ya fimbo. Alirudi naye taratibu.

Walipotua, watu walikuwa wameshajipanga. Tambi alikuwa na ndoo, na kutoka kwenye ndoo wametoa shada jipya, bichi, nono, linachuruzika. Wamemshikisha Wifi. Wifi amelishika mbali na gauni lake, anacheka, ameusahau ugomvi wa jana. Wageni wamesimama juu ya benchi, simu mikononi.

"Vipi?" Meneja akapaza sauti. "Mmeosha?"

Mwewe alikuwa ameshuka, kofia ameificha nyuma ya mgongo. Akawatazama wageni. Akamtazama mama yake. Shangazi, akiwa bado anafungua mkanda, aliliona lile tabasamu likirudi usoni mwake, polepole, kama uchafu unavyorudi juu ya maji ukiacha kuyakoroga.

"Tumeosha!" Mwewe akapiga kelele. "Shangazi mwenyewe shahidi! Kapiga yowe kama wageni!"

Makofi. Vifijo. Akainamisha shingo, mama yake akamvika shada.

Kinyaa alichokiona Shangazi wakati ule hakikuwa cha magugu wala cha panya. Alishuka, akawaendea, lakini Wifi alimtangulia. Alikuwa amemkumbatia mwanawe, na sasa alikuwa amejitenga kidogo, pua imekunjamana.

"Unanuka nini wewe?"

"Magugu, mama."

"Magugu nayajua. Na mbona unatetemeka?" Mkono wake ukazunguka nyuma ya mgongo wa mwanawe, ukaja na kofia. Alitazama ndani. Kicheko cha wageni kikapungua, kikazimika, simu moja moja zikashuka. "Umekula nini, mwanangu?"

"Woga, wifi," akasema Shangazi. "Amekula woga akautapika, na hilo silo linalonichefua. Kutapika kulikuwa akili. Linalonichefua ni hilo alilolisema sasa hivi." Akamgeukia kijana. "Mwonyeshe mama yako tulikuwa juu kiasi gani."

"Shangazi, wageni..."

"Mwonyeshe."

Maji ya shada yalikuwa yanamtiririka Mwewe kifuani. Kisha akanyoosha mkono, kiganja kikitazama chini, akakiweka ubavuni mwa mama yake, usawa wa kiuno.

"Hapa," akasema.

"Na uliniambia tuko wapi, mwanangu?" Shangazi akauliza.

"Orofa tatu."

Wifi alikitazama kile kiganja kwenye kiuno chake kana kwamba mjusi ametua hapo. Alihesabu kitu kichwani, ungeona midomo inacheza. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Na mie ningekuwa nimekaa nyuma, nacheka." Akalishika shada kwa vidole viwili, akalitoa shingoni mwa mwanawe, akalirudisha kwenye ndoo ya Tambi. Hakulitupa, alilirudisha, kama mtu anavyorudisha kitu dukani.

"Huruki tena hapa," Shangazi akamwambia kijana, "mpaka mimi niseme. Na sijui kama nitasema."

Meneja alikuwa amekuja mbio, masharubu yanacheza. "Shangazi, jamani! Hawa nao? Wanasubiri! Nani atawavusha?"

"Mimi. Ile nyingine, mwambie Fundi aitoe nje. Hii isiguswe mpaka aufungue mkia, auangalie ndani. Na jaketi zote za hoteli zinazofaa, za mashua zao za hapa ufukoni, ziletwe. Asiyevaa haendi."

Zilikuja. Zilikuwa za rangi ya machungwa, kubwa, za kizamani, na hazikuendana na gauni la mtu yeyote. Wageni walizivaa wakinung'unika. Mzee mmoja mwenye kamera shingoni aliegemea mbele, akamgusa Shangazi bega. "Samahani, hatuoshi viatu?"

Shangazi aligeuka akamtazama. Alimtazama tu, mpaka mzee akainama, akakitafuta kifungo cha jaketi yake, akakifunga, kikalia ta!

Alipoiinua helikopta aliona ndani ya banda. Mlango ulikuwa wazi. Mwewe amepiga magoti mbele ya karai, anasugua jaketi zile za panya kwa brashi, uso ameugeuza pembeni asinuse. Karibu naye, juu ya ndoo iliyogeuzwa, amekaa mama yake, gauni limekunjwa magotini, viatu vyeupe amevivua ameviweka mapajani. Alikuwa anamwonyesha kwa kidole mahali ambapo hapajatakata.

Shangazi alikwenda juu, juu sana, ambako ziwa lilikuwa ziwa na mawingu mawingu. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyerekodi. Kisiwani walishuka wamenuna, hakuna hata mmoja aliyesema asante, wote wakavu.